Geti la Busta ya Upepo

Kwa muda wote niliokaa kwenye boma lake, baba mkwe alizungumza nami kupitia mtu mwingine. Ndivyo adabu ya kwao ilivyo: mzee na mke wa mwanawe hawakai uso kwa uso, hawashikani mikono, na kukiwa na jambo linapitia kwa mtu wa katikati. Mtu wetu wa katikati alikuwa binti yangu, ambaye wakati huo alijua kusema "maji", "paka" na "hapana". Mzee angesimama mlangoni pa jikoni, amwangalie mtoto na kusema, "Mwambie mama yako ng'ombe amekata kamba." Mimi niko hapo hapo nasonga obusuma, ugali wetu, nimesikia kila kitu, lakini namjibu mtoto (kuka kwetu ni babu): "Mwambie kuka yako naenda." Mtoto naye anasema, "Hapana." Tuliishi hivyo, na tuliishi vizuri.

Siku aliyonikataza kupanda busta, alisahau kabisa kwamba kuna mtoto. Alinigeukia mimi mwenyewe.

"Hakuna mke wa mtoto wangu atapanda juu ya kichwa changu! Hakuna!"

Kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza, nami nikamjibu mwenyewe. Sitayaandika yale maneno hapa. Mama mkwe alikuwa akichambua mboga. Aliweka sinia chini akasogeza kigoda chake karibu, kama mtu aliyewahi mechi akapata kiti cha mbele.

Niieleze kwanza hiyo busta, maana watu wa mbali wakisikia busta wanafikiri ni ya simu. Yetu haina simu yoyote. Ni nguzo ndefu ya vyuma, imesukwa pembe tatu na kushikwa kwa waya huku na huku, na ukiipanda unakuta vikombe vidogo vinavyozungushwa na upepo. Viko vya chini, vya katikati na vya juu kabisa. Kando yake kuna mkia wa bati unaoonyesha upepo unatoka wapi. Habari zote zinaingia kwenye sanduku, na sanduku, kwa nguvu ya sola, linazituma Shieywe mjini, kwenye nyumba ya kupanga ambayo watafiti wa chuo kikuu wameijaza kompyuta mpaka jikoni.

Mkubwa wao ni mwanamke. Tunamwita Daktari, ingawa hatibu mtu; amesomea hewa. Alipokuja mara ya kwanza kuomba mahali pa kusimamisha nguzo, mzee alimkalisha kando ya ukuta wa nyumba akamhoji.

"Mnataka kuweka hapa zile feni kubwa za kutengeneza stima?"

"Hapana, mzee. Feni zinawekwa mahali penye upepo wa kutegemewa. Upepo wenu hautegemeki."

Mzee aliona ametukaniwa nyumba. "Upepo wetu una kasoro gani?"

"Asubuhi umelala. Mchana unaamka na hasira, unapiga kila kitu, halafu unanyamaza kama si wewe. Sasa huo wa hasira ndio tunautafuta."

"Basi mmefika," alisema mama mkwe, akaninyooshea kidevu. "Hata tuko na mmoja ndani ya nyumba."

Walicheka wote. Mimi sikucheka, lakini nilianza kumpenda Daktari siku hiyo, kwa sababu alinitazama kwa heshima, kama mtu anayetazama kitu cha kupimwa.

Baadaye nilimwuliza maana ya hayo yote. Nikamwambia mapema asinieleze kama mtoto. Nimemaliza kidato cha nne na kwa jiografia sikuwa mchezo. Akaniambia hivi. Mchana, hewa yenye unyevu inakuja kutoka upande wa ziwa. Nyingine inakuja kutoka milima ya Nandi. Zinakutana juu yetu hapa, zinasukumana kama wanawake kwa bomba la maji, na kwa kuwa hakuna pa kupita, zinapanda juu. Wingu linakua mpaka linashiba. Likianza kumwaga mvua na mawe, linaikokota hewa baridi ije chini nayo. Hewa hiyo ikigonga ardhi inatawanyika pande zote, kama ndoo ya maji uliyoimwaga kwenye sakafu ya simiti. Ndiyo maana kwetu migomba inaanguka kabla tone la kwanza halijafika.

Sasa, upepo wa namna hiyo ukiikuta feni ya stima imetulia na mabawa wazi, unaweza kuyavunja. Watafiti wanataka kujua upepo wa juu unafanya nini na wa chini unafanya nini muda mfupi kabla ya kipigo, ili huko kwenye feni mtambo upate dalili mapema na kuyageuza mabawa yasipigwe. Na mahali pazuri pa kujifunza kipigo ni pale kipigo kinakuja karibu kila alasiri.

"Kwa hivyo sisi ni shule," nilimwambia.

"Nyinyi ni chuo kikuu," akanijibu.

Wakajenga fensi ya waya kuzunguka nguzo, na mimi nikapewa kazi ya kufyeka nyasi, kupangusa sola na kutuma ujumbe kwamba nguzo bado imesimama. Ilikuwa kazi, lakini haikuwa kazi ya kumchosha mtu mwenye kichwa. Wa kupanda walitoka mbali, na walipoitwa walikuja wakitaka. Daktari alichoka. Alikuja siku moja akasema anatafuta mtu wa hapa hapa wa kufundishwa kupanda. Kabla hajamaliza, mkono wangu ulikuwa juu. Mume wangu naye aliinua wake, kisha akauliza ni mbali kiasi gani kwenda juu, akaangalia, akaushusha taratibu akajikuna nao shingo. Simlaumu. Huyo ni mtu ambaye taa ikiungua anaomba meza, na juu ya meza anaomba ukuta.

Mafunzo yalikuwa mjini. Wanafunzi wote wanaume, isipokuwa mimi. Tulifundishwa kuvaa mikanda ya kiunoni na mapajani, kujifunga kwa ndoano mbili ili moja ikitoka nyingine inakushika, na kumshusha mwenzako akizimia huko juu. Jamaa mmoja mwenye kifua kama pipa aliniuliza, "Mama, wewe mtoto umemwachia nani?"

"Nimemwachia babake. Na wako umemwachia nani?"

Alipofika nusu ya nguzo alianza kumwomba Mungu kwa lugha ya mama yake. Mimi nilifika juu, nikafungua mfuko, nikala ndizi yangu. Nimezaliwa Matungu kwenye nyumba ya wasichana watupu. Nani alikuwa anapanda kuziba mabati kwetu, malaika?

Kwa hivyo nikarudi nyumbani nikiwa mpandaji, nimepewa na kofia ngumu ya rangi ya chungwa, na mzee hakusema neno. Nilidhani amekubali. Kumbe alidhani ni mafunzo tu, kama semina ya kanisa, mtu anaenda anakula chakula anarudi na maisha yanaendelea.

Halafu nyigu wakaja. Mvua kubwa za mwaka zilikuwa karibu kuanza. Daktari akanipigia simu kutoka Shieywe: vikombe vya chini vinasema upepo upo, vya katikati vinasema upo, vya juu kabisa vinasema hakuna, kimya, tangu juzi. Nikatoka nje nikaangalia. Huko juu, chini ya vikombe, kulikuwa na donge la rangi ya udongo. Nyigu walikuwa wamejenga. Wale wenye kiuno chembamba wanaobeba matope mdomoni. Waliona ekseli, kile chuma cha kuzungushia vikombe, wakaifinyangia nyumba.

"Bila juu, hakuna kitu," alisema Daktari. "Kazi yote ni kulinganisha juu na chini. Mvua zikianza tukiwa hivi, msimu umekwenda. Ijumaa nakuja, nisimame chini, wewe upande."

Nilipotoa kofia yangu kabatini kuipangusa, ndipo mzee alipojua kwamba ni kweli. Na ndipo alipotoa lile tangazo lake.

Nikampigia Daktari, nikamweleza. Kisha akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kelele za mzee: "Siwezi kuingilia mambo ya boma la watu. Lakini kama hutapanda Ijumaa, nitamleta mtu kutoka Eldoret, na nikishamleta kazi itakuwa yake. Siwezi kuwa na wapandaji wawili."

Nilikasirika mpaka nikafua nguo zilizokuwa safi. Mume wangu alikuja akasimama kando ya karai.

"Ngoja tu kidogo," akasema. "Mzee hutulianga."

"Nyigu hawatulii!"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Panda wewe."

Aliondoka akaenda kuangalia kama kuku wametaga.

Jioni ile tuliketi wote kulizungumza: mzee, mama mkwe, mume wangu, mimi, na mtoto katikati yetu, amerudishwa kazini. Mzee alikuwa ametulia. Anapenda sheria kuliko anavyopenda nyama, na sheria ikiletwa mezani anakaa vizuri.

"Mwambie mama yako," alimwambia mtoto, "mke wa boma hapandi paa. Hapandi mti. Hapandi ghala. Sheria hii si yangu, niliikuta."

"Mwambie kuka yako: na kama paa linavuja?"

"Anaita mwanamume."

"Na kama mwanamume anaogopa?"

Mume wangu aliangalia kiatu chake kama amekiona leo. Mama mkwe alikohoa kikohozi kisicho cha kifua.

"Mwambie kuka yako," niliendelea, "mke wa jirani akipanda paa la jirani, na kuka amemwona akipita njia, hapo kuna mwiko?"

"Mwambie mama yako ajue kuuliza. Hiyo ni shauri ya boma la jirani. Inanihusu nini?"

"Haya. Na ile fensi ya busta ni boma la nani?"

Mzee aliegemea nyuma. Niliona analitafuna swali langu na anaona lina ladha.

"Waya ni wao," alisema polepole. "Nguzo ni yao. Lakini boma si waya. Boma ni geti. Geti lao linaangalia mlango wangu. Mtu akitoka pale anaingia kwangu. Kwa hivyo kilicho ndani ni cha boma langu."

Na geti lile linaangalia mlango wake kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyelazimisha, wakati wa kujenga, ili awaone wanaoingia na kutoka na awajue kwa majina! Damu ilinipanda. Nikamruka mtoto tena.

"Basi nitaling'oa hilo geti kwa meno!"

"Meno ya nini?" alisema mama mkwe. "Si kuna koleo. Ling'oeni, mligeuze liangalie barabara."

Hata mtoto hakusema hapana.

Nilimwangalia mzee kwa pembe ya jicho. Nilitegemea alipuke. Badala yake alikuwa akitikisa kichwa taratibu kukubali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa ingokho, kuku mzima, bila kumtarajia. Sheria yake ilikuwa imetiiwa mpaka mwisho kabisa, mpaka ikatokea upande wa pili.

"Liangalie barabara," akasema. "Na hiyo njia ya kutoka kwangu ilimwe, ipandwe viazi. Na mwenye kupanda asipitie kwangu kama mtu wa hapa. Atoke, azunguke kwa barabara. Na kwa kuwa ni mtu wa boma lingine anayekuja kufanya kazi kando ya mlango wangu, apite kwanza anisalimie, kama fundi mwenye adabu. Na siku hiyo mimi nitaenda sokoni Lubao, kichwa changu kisiwe hapa."

Nilimpigia Daktari nikamwuliza kama kugeuza geti kunaharibu vipimo. Alitaka nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. Alisema upepo haujui geti, na kama ni hivyo tu, ataleta saruji yeye mwenyewe.

Alhamisi tulifanya kazi hiyo. Mume wangu alichimba mashimo, na niseme ukweli, kazi ya chini anaiweza sana. Nguzo za geti zilikaa wima kama askari. Mimi nilipanda viazi kwenye njia. Mzee alikuja kukagua mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa asubuhi likabaki swali la suruali. Mikanda haivaliki juu ya sketi. Mama mkwe alilimaliza kabla halijafika kwa mahakama: suruali ndani, leso juu, leso inavuliwa ukishaingia kwenye fensi. Nikavaa hivyo, nikaweka kofia ya chungwa, nikabeba mikanda begani, nikatoka kwa geti la nyumbani, nikashika barabara. Mwanamke anayeuza sukuma pale kona aliniona.

"Mulembe! Umefukuzwa?"

"Mulembe. Hapana. Naenda kazini."

"Kazini wapi na hiyo kofia?"

"Hapo nyuma ya nyumba yetu."

"Sasa si ungepitia nyuma ya nyumba?"

"Siwezi. Ni kwa jirani."

Aliacha kufunga sukuma akanifuata kwa macho mpaka nilipozunguka na kurudi mlangoni pale pale nilipotokea. Nikabisha.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya mzee.

"Ni fundi wa busta."

"Karibu, fundi. Ingia. Keti. Unatokea wapi?"

Nilikuwa bado na hasira, lakini mchezo ulikuwa mtamu. "Natokea kwa jirani hapo, mzee."

"Jirani hajambo?"

"Hajambo, anawasalimu."

"Nasikia mke wake ni mkali."

"Ni mkali, lakini anachokozwa."

Mama mkwe alilazimika kwenda jikoni. Alirudi na chai, akanipa mimi mgeni kikombe cha mgeni, kile cha maua ambacho mimi huwa nakiosha tu. Mzee alikuwa akinisemesha uso kwa uso, bila mtoto, kwa sababu fundi si mke wa mwanawe. Aliniuliza kama kazi ina hatari. Aliniuliza kamba zimekaguliwa na nani. Nikamwambia nimezikagua mwenyewe, na Daktari atazikagua tena. "Zikaguliwe mara ya tatu," akasema. Kisha akavaa koti, akachukua fimbo na kutangaza kwa sauti kubwa kwamba anaenda Lubao.

Daktari alikuwa tayari kwenye geti jipya. Akakagua mikanda, ndoano na kamba. Nikamwambia kuna mtu ameagiza mara ya tatu, akarudia bila kuuliza. Nikavua leso, nikapanda.

Asubuhi kwetu upepo umelala kweli. Nilipanda kwenye utulivu, ndoano moja, ndoano nyingine, na kila nilipopita kiungo cha nguzo dunia ilifunguka zaidi. Mabati. Miwa. Msitu ule mweusi upande wa mashariki, ukungu bado umeulalia kama mtoto asiyetaka kuamka. Mabega yangu yalianza kushuka. Sijui kama mtu anaweza kubeba hasira huko; mikono yote ina kazi.

Nyigu wakanirudishia hasira yangu. Nilipogusa donge la kwanza kwa kijiti, mmoja alitoka akanidunga chini ya sikio. Nilimtukana. Nikamtukana mama yake, nikaitukana nyumba yake ya matope na fundi aliyemjengea. Daktari alisikia yote. Aliniambia baadaye kwamba mengine ilibidi aulize maana yake. Lakini nilikwangua, kipande kwa kipande, mpaka ekseli ikaonekana inang'aa. Nikaipangusa kwa kitambaa. Nikapuliza kikombe kwa mdomo. Kikazunguka.

"Shieywe wamekiona!" Daktari alipiga kelele, simu sikioni. "Wanasema juu kuna upepo!"

"Huo si upepo, ni mimi!"

"Usijali, inatosha! Shuka ukiwa tayari. Mtu wa Eldoret nitamwambia asije tena."

Sikushuka mara moja. Nilibaki pale, nimefungwa kwa ndoano zangu mbili, sikio limevimba, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Na upepo mdogo wa kweli ukaja, wa upande wa ziwa, mapema kuliko kawaida, ukagusa vikombe vya juu, vikazunguka bila mimi.

Ndipo nilipomwona mzee. Lubao, wapi! Alikuwa amesimama kwenye miwa kando ya fensi, koti mabegani, mkono juu ya macho, shingo imekunjwa nyuma, ananitazama. Baada ya geti, baada ya viazi na kunizungusha barabara nzima na kofia!

"Baba!" nilipiga kelele. "Si ulisema Lubao!"

"Baba yako yuko Matungu! Wewe ni fundi wa jirani!"

"Kichwa chako kiko chini yangu, mzee!"

"Hapa niliposimama nimemkodishia mtu! Si boma langu!"

Daktari alikuwa amekaa kwenye nyasi, ameshika tumbo.

"Fundi!" mzee aliita tena, sauti sasa ya mtu mwenye shida ya kweli. "Ukiwa huko huko! Miwa yangu ile ya kando ya mto inamalizwanga na mtu. Kila wiki napata imekatwa. Hebu angalia, unaona nani?"

Nikageuka polepole, nikaangalia upande wa mto. Kulikuwa na watu wawili kwenye kingo, wameketi kwenye maganda, kila mmoja na kipande chake cha muwa. Mmoja alikuwa mama mkwe, panga kando yake. Mwingine alikuwa binti yangu, utomvu umemfika viwikoni. Mama mkwe aliinua uso, akaniona ninavyowaona. Hakusogea hata kidogo. Aliendelea kutafuna.

"Fundi! Unaona nani?"

"Mzee, mimi nimeletwa kwa mambo ya upepo!" nilimjibu, nikaanza kushuka.